Shahada za juu zifike hadi shambani

Kutoka Morogoro mjini hadi Kilosa ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari, na hadi Mikumi ni karibu zaidi. Kwa miaka mingi sasa wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamekuwa wakifunga safari hiyo wakiwa na madaftari, mizani na mifuko ya kuchukulia sampuli za udongo. Huripoti kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji, huuliza maswali yao nyumba kwa nyumba, hupima, huandika, hushukuru, huondoka. Baadaye huvaa majoho, na wazazi wao hupiga vigelegele. Swali ambalo halina budi kuulizwa na wote wanaohusika ni kitu gani hubaki kijijini baada ya gari la chuo kuondoka.

Swali hilo haliulizwi kwa nia ya kukibeza Chuo Kikuu hicho. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1984, mwaka ule ule ambao Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia kwa ajali ya gari mkoani humo humo Morogoro, tarehe 12 Aprili, na kikapewa jina lake. Kabla ya hapo kilikuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya kitivo palikuwa na chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965. Sehemu kubwa ya mabwana shamba, mabibi shamba, watafiti na madaktari wa mifugo waliolitumikia taifa hili imepita hapo. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, na anayekisema chuo hicho leo anakisema kwa sababu kinategemewa.

Kilosa ni wilaya inayofaa kutumiwa kama kipimo. Ndani ya mipaka yake zimo takriban aina zote za kilimo cha nchi hii. Upande wa magharibi ipo milima ya Rubeho na Ukaguru, ambako Wasagara na Wakaguru wamelima mahindi na maharage kwenye miteremko kwa vizazi vingi. Chini yake yapo mabonde ya mito Mkondoa, Miyombo na Wami, yenye mpunga na udongo mweusi mzito unaopasuka wakati wa kiangazi. Kuna nchi tambarare za Mkata ambako mifugo hulishwa. Kuna mashamba ya mkonge ya tangu zama za ukoloni, mengine yakiendelea kulimwa, mengine yaliyotelekezwa hadi baadhi yakafutiwa hati. Kusini, upande wa Ruembe, kuna miwa. Halafu kuna Mikumi, mji mdogo wa barabarani unaopakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230.

Wilaya hiyo imeonja pia adhabu ya ardhi iliyochoka. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja kingo, ukang'oa sehemu ya reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi kwenye mahema. Mvua ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini maji yanayoteremka kutoka milima iliyovuliwa miti huja kwa kasi na huja na mchanga, na mto uliojaa mchanga hauna mahali pa kuyaweka maji yake. Shamba la mlimani na nyumba ya bondeni ni jambo moja, ijapokuwa wenyewe hawajuani.

Wengi wanaposikia habari za kilimo ikolojia hudhani kwamba wakulima wanaambiwa warudi nyuma, waache mbolea za viwandani, wabaki na jembe la mkono na majivu. Dhana hiyo ni potofu, tena imewapa baadhi ya wataalamu kisingizio cha kutolishughulikia suala lenyewe. Kilimo ikolojia ni kilimo kinachotazama shamba kuwa mahali penye viumbe vingi vinavyotegemeana: udongo na wadudu wake, mazao mchanganyiko, miti, mifugo, maji, na watu wanaokula kinachovunwa na kuuza kinachobaki. Mkulima anayepanda mahindi pamoja na mbaazi hafanyi hivyo kwa mazoea tu. Mizizi ya mbaazi huishi na vijidudu vinavyokamata nitrojeni ya hewani. Majani yake hudondoka na kuoza. Na mmea wenyewe huendelea kusimama shambani baada ya mahindi kuvunwa, ukiufunika udongo wakati ambapo ungekuwa wazi kwa jua. Kulifahamu jambo hilo vizuri, kujua ni mbaazi ya aina gani, kwa nafasi gani, katika udongo upi na kwa mvua ipi, ni kazi inayohitaji elimu ya hali ya juu kuliko kusoma maelekezo yaliyochapwa juu ya mfuko wa mbolea.

Ndiyo maana suala hili ni la shahada za juu. Kanuni moja kwa nchi nzima inaweza kufundishwa kwa semina ya siku tatu. Maarifa yanayobadilika kutoka kilima hadi bonde hayafundishiki hivyo. Yanahitaji mtu aliyezoezwa kuchunguza, kulinganisha, kukiri kwamba alikosea na kujaribu tena. Kazi hiyo ndiyo ambayo shahada ya uzamili, ikitolewa sawasawa, humfundisha mtu.

Historia ya mkoa huo ina onyo lake juu ya utaalamu usiosikiliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wananchi wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilielezwa kuwa njema. Lakini kazi ilikuwa nzito, iliwaangukia zaidi wanawake, na katika sehemu nyingi matuta yale yaliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuuanika udongo mfu wa chini. Wakulima waliliona hilo katika msimu wa kwanza. Maofisa hawakutaka kuliona. Mwezi Julai 1955 zikazuka ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango wote ukaachwa. Wataalamu wa mpango ule walikuwa na elimu. Walichokosa ni mazoea ya kumuuliza aliyelima hapo kabla yao.

Baada ya Uhuru jitihada za kuikaribisha elimu na jembe zilikuwa nyingi. Siasa ni Kilimo, iliyotangazwa Iringa mwezi Mei 1972, ilihimiza mambo ambayo leo yanaitwa mapya: samadi, mboji, maksai badala ya kukimbilia matrekta, hatua ndogo ambazo mkulima anazimudu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilienda mbali zaidi katika upande wa elimu: lilitaka vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, na waingie Chuo Kikuu kwa mapendekezo ya mahali walipofanya kazi. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilipungua hata ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja, na hatimaye utaratibu wenyewe uliachwa kwa wote. Hakuna anayedai urudishwe kama ulivyokuwa. Hata hivyo swali lililouzaa lingali hai, yaani mtu anakwenda Chuo Kikuu akitokea wapi, na akimaliza anarudi kwa nani?

Kilosa ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Pale Ilonga kipo Chuo cha Mafunzo ya Kilimo kinachotoa astashahada na stashahada. Jirani yake kipo kituo cha utafiti ambacho tangu zama za ukoloni kilishughulikia pamba ya kanda ya mashariki, kisha kikatoa mbegu za mahindi zinazojulikana sana, kama vile Staha na TMV-1 za miaka ya 1980, zinazostahimili ugonjwa wa michirizi ya majani. Leo kituo hicho ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na Chuo Kikuu kipo Morogoro. Ngazi nzima ya elimu ya kilimo, kutoka cheti hadi udaktari wa falsafa, imesimama katika mkoa mmoja. Kinachokosekana ni mtu wa kuipanda na kisha kuishuka.

Maana kupanda kupo. Bwana shamba wa kata aliyesoma Ilonga, akajiendeleza, akapata shahada ya kwanza, akafanikiwa kwenda kuchukua ya uzamili, ni mtu wa kupongezwa. Lakini tazama linalompata anaporudi. Miundo ya utumishi haimpi sababu ya kubaki kwenye kata. Kupanda cheo maana yake ni kwenda makao makuu ya wilaya, kisha mkoani, kisha wizarani. Kila hatua anayopanda inamwondoa hatua moja zaidi kutoka kwenye shamba alilolisomea. Mkulima wa Ilakala aliyemkopesha sehemu ya shamba lake kwa majaribio humwona mara ya mwisho akipita kwa gari kuelekea kwenye kikao. Si kosa la kijana huyo. Ana watoto wa kusomesha, na mshahara hufuata cheo. Kosa ni la utaratibu unaoiona kata kuwa mahali pa kuanzia kazi tu, pasipostahili mtu mwenye shahada mbili.

Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu, na ndilo linalozungumzwa kidogo. Mwezi Aprili 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maofisa ugani, na mwezi Agosti mwaka huo huo ruzuku ya mbolea ikaanza. Hatua hizo zilistahili. Novemba 2023 ukazinduliwa mjini Dodoma mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai wa kufikia mwaka 2030. Pikipiki humfikisha ofisa kijijini, na mkakati humpa idhini. Lakini akifika, ajue nini cha kusema, na zaidi ya hapo ajue nini cha kuuliza, ni jambo linalotegemea mafunzo yake na muda atakaoishi hapo. Ofisa anayehamishwa kila baada ya miaka miwili hajapata kuuona mwaka mbaya na mwaka mzuri katika shamba lile lile.

Inafaa kukumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Sokoine chenyewe kimewahi kuonyesha njia. Katika miaka ya 1990 watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Kijapani, walikwenda katika milima ya Wamatengo, Mbinga, kuchunguza ngoro, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta ambayo Wamatengo wameyachimba kwa vizazi kwenye miteremko mikali. Majani hulazwa kwa mpangilio wa mraba na kufunikwa udongo, mvua hunaswa ndani ya shimo, na mteremko ambao kwa kanuni za vitabuni haufai kulimwa huendelea kutoa mahindi na maharage. Watafiti hawakwenda kuwafundisha Wamatengo ngoro, walikwenda kujifunza. Kutokana na kazi hiyo chuo kikaanzisha kituo chake cha maendeleo endelevu vijijini. Tofauti baina ya Matombo ya 1955 na Mbinga ya miaka ya 1990 ni nani aliyetangulia kusema.

Kilosa nayo ina mifano yake. Kati ya mwaka 2013 na 2018 chuo hicho na washirika wake wa Ujerumani waliendesha mradi uliojulikana kwa jina la Trans-SEC katika vijiji vya Ilakala na Changarawe, pamoja na vijiji viwili vya Chamwino, Dodoma. Wanafunzi wa shahada za juu, Watanzania na Wajerumani, walifanya kazi na vikundi vya wakulima juu ya kukinga maji ya mvua, kutia mbolea kidogo kidogo kwa kila shina, bustani za mboga za kwenye viroba, na majiko sanifu. Inasemwa kidogo sana kwamba katika miradi ya aina hiyo vitu vidogo vya jikoni hupokelewa upesi kuliko mambo makubwa ya shambani. Jiko linalopunguza kuni humwondolea mama safari ya msituni, na hesabu yake huonekana siku hiyo hiyo. Rutuba ya udongo huonekana baada ya miaka. Mwanafunzi ambaye hajakaa kijijini atashangaa kwa nini wakulima wamechagua jiko, kisha ataandika katika tasnifu yake kwamba wana uelewa mdogo.

Katika wilaya hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2012, vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta vilijaribu kuvuna mkaa kwa mpango katika misitu yao wenyewe, wakisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili na mtandao wa jamii uitwao MJUMITA. Vitalu vilipimwa, miti ilikatwa kwa zamu ili visiki vichipue, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji badala ya mfuko wa mfanyabiashara. Mpango huo umekuwa na wapinzani wake, hasa wale wanaoamini kwamba mkaa na hifadhi haviwezi kukaa chungu kimoja. Lakini uliwafundisha wanakijiji kuhesabu msitu kama mali inayokua. Ni somo ambalo mwanafunzi yeyote wa misitu angelipata kwa kukaa Ulaya kwa mwaka mmoja. Na Ulaya hiyo, ifahamike, ni kata ya Kilosa, haihitaji pasipoti wala tiketi ya ndege.

Mikumi ina hesabu nyingine kabisa. Mkulima aliye karibu na hifadhi anaweza kufuata kila kanuni ya kilimo bora, akapalilia kwa wakati, akarutubisha kwa mboji, na usiku mmoja kabla ya mavuno tembo wakala yote. Serikali hutoa kifuta jasho, lakini jina lenyewe linaeleza kipimo chake. Kwa mkulima huyo swali la kwanza si rutuba bali ni usiku. Alale shambani na tochi na bati la kugonga, apande pilipili kuzunguka mahindi, au aweke mizinga? Wazo la mizinga lina historia inayohusu mada hii moja kwa moja. Nchini Kenya mtafiti Lucy King, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Oxford, alichunguza jinsi tembo wanavyoogopa nyuki, kisha akajaribu pamoja na wakulima uzio wa mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya. Tembo akigusa waya, mizinga yote hutikisika. Tasnifu yake ilikubaliwa mwaka 2010, na uzio huo umejengwa tangu wakati huo katika nchi nyingi, ukiwemo ule uliojaribiwa kandokando ya Udzungwa. Tasnifu hiyo haikuishia kabatini, kwa kuwa swali lake lilitoka katika shamba la mtu.

Jirani hao wa kaskazini wana mfano mwingine. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha Waafrika shahada ya uzamivu katika elimu ya wadudu kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara hili. Kituo hicho hicho, kupitia shamba lake la Mbita kando ya Ziwa Viktoria, kiliwapatia wakulima tangu mwaka 1997 mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya matembo pembeni. Desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua na kulidhoofisha gugu la kiduha. Majani ya matembo huwavuta nondo hao nje ya shamba. Na vyote viwili huliwa na ng'ombe. Utafiti na mafunzo vilikaa nyumba moja, na shamba la mkulima likawa chumba kimoja cha nyumba hiyo. Huko Ekwendeni, kaskazini mwa Malawi, kazi iliyoanza mwaka 2000 katika hospitali ilikwenda hatua moja zaidi: wakulima wenyewe walichaguliwa kuwa watafiti, wakajaribu mikunde, wakafundisha wenzao. Mfano huo ulifuatwa Singida kuanzia mwaka 2016, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ikiwa miongoni mwa washiriki.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa udongo asomee udongo na mambo mengine ayaachie wengine. Mwaka 2017 uliwajibu. Wakulima wa mikoa mingi walikuwa wamehimizwa kupanda mbaazi. Udongo ulinufaika, mavuno yakawa mazuri. Mwezi Agosti India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuingiza kutoka nje, na bei ikaporomoka hata wengine wakaona haina maana kuvuna. Msimu uliofuata nani angemsikiliza mtaalamu wa mbaazi? Mtaalamu aliyefundishwa kuuangalia mfumo wote angeuliza mapema mbaazi hizo zitaliwa na nani kama mnunuzi mmoja wa ng'ambo akifunga mlango, na kwa nini familia zenye watoto waliodumaa zinaiuza protini badala ya kuila.

Kuna na jambo la mifugo, ambalo mtu anayeandika juu ya Kilosa hana haki ya kulikwepa. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Chanzo cha migogoro hiyo ni ardhi, mipaka, rushwa na uongozi, na shahada ya kilimo haiwezi kuyamaliza hayo. Lakini ni kweli vile vile kwamba samadi ya mfugaji na mabua ya mkulima ni vitu vinavyohitajiana, na mahali pengi havikutani isipokuwa kwa fimbo. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, ambalo makao yake ni Morogoro na mwasisi wake mmoja, Janet Maro, ni mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, limekuwa likiwakutanisha wakulima na wafugaji katika mkoa huo juu ya mabadilishano ya namna hiyo. Mwanafunzi wa uzamili anayesomea malisho bila kumsikiliza mkulima, au mahindi bila kumsikiliza mfugaji, amesomea nusu ya Kilosa.

Basi yafaa kufanywa mambo gani? La kwanza ni kwamba swali la utafiti lizungumzwe kijijini kabla ya kupitishwa chuoni. Si kwamba mkutano wa kijiji upewe kura juu ya takwimu. Uulizwe tu tatizo liko wapi na nini kimekwisha kujaribiwa. La pili ni kwamba tasnifu yoyote iliyofanywa katika kijiji cha nchi hii isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu waliojibu maswali. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, na sababu zake zinafahamika. Lakini mtu asiyeweza kuyaeleza matokeo yake kwa lugha ambayo aliulizia maswali, huenda hajayaelewa matokeo yenyewe. Kurasa nne za Kiswahili sanifu, zikabaki katika ofisi ya kijiji na nyingine katika shule ya msingi, si mzigo.

La tatu ndilo gumu, kwa sababu linagusa fedha na vyeo. Wakurugenzi wa halmashauri, ambao tangu mageuzi ya Serikali za Mitaa ndio waajiri wa maofisa ugani, watenge katika mipango yao ya mafunzo nafasi za uzamili kwa watumishi waliokwisha kukaa kwenye kata kwa miaka kadhaa. Nao wanaohusika na miundo ya utumishi waweke cheo cha ofisa ugani mwandamizi chenye mshahara wake, ambacho mwenye shahada ya juu anakishika akiwa kwenye kata. Daktari bingwa hatolewi wodini ili apandishwe cheo. Hupandishwa akiwa pale pale anapotibu. Si dhahiri kwa nini mtaalamu wa udongo atendewe vingine.

Itasemwa kwamba haya yatarefusha masomo na kuongeza gharama. Yatarefusha kidogo. Itasemwa pia kwamba mwanafunzi anayegharimiwa na mfadhili wa nje hana uhuru wa kubadili swali lake. Hoja hiyo ina uzito zaidi, na ndiyo sababu chuo kiseme masharti yake mapema, kabla mkataba haujatiwa saini. Mfadhili anayeheshimu kazi yake hatakataa, atakayekataa amejieleza.

Walimu nao wamo katika shughuli hii, hata kama hawakutajwa katika mkakati wowote. Mwalimu wa sayansi wa shule ya Kilosa au Mikumi huishi kijijini muda mrefu kuliko mtafiti yeyote, tena mara nyingi kuliko bwana shamba. Huijua familia iliyohama na sababu yake. Akipewa nakala ya matokeo, anaweza kuyapeleka kwenye shamba la shule, na mtoto akayapeleka nyumbani. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa na ndoto hiyo, ikaharibiwa mahali pengi na walimu waliogeuza shamba la shule kuwa adhabu ya wachelewaji. Shamba la shule lenye mistari miwili, mmoja wa mahindi matupu na mwingine wa mahindi na fiwi, likapimwa na wanafunzi wenyewe kila juma, ni maabara isiyohitaji bajeti. Mtafiti wa uzamili anayeanzisha jaribio kama hilo atakuwa na mtu wa kuliendeleza akishaondoka.

Jambo dogo la mwisho ni la kalenda, nalo huamua mengi. Mwaka wa masomo wa Chuo Kikuu huanza karibu na mwezi Oktoba au Novemba, wakati vuli inakaribia Kilosa na wakulima wanasafisha mashamba. Mwanafunzi hutumia mwaka wake wa kwanza darasani, na hufika kijijini katika mwaka wa pili, akiwa na msimu mmoja tu wa kuuona; mvua ikikataa msimu huo, amesomea ukame na kuuita utafiti. Kama angetumwa Kilosa kwa majuma machache tangu muhula wa kwanza, akachimba shimo lake la kwanza la udongo mkulima akiwa anapanda, angeweza kuona vuli mbili na masika mawili kabla ya kuandika ukurasa wa mwisho. Mabadiliko hayo hayahitaji sheria mpya wala mfadhili. Yanahitaji kikao kimoja cha Seneti ya chuo, na ratiba iliyopangwa na mtu anayejua mvua za Kilosa hunyesha lini.